Injini Mpya Katika Gari la Mhina

Mwanangu Mwanaidi,

Uko chumba cha pili, kati yetu kuna ukuta mmoja tu, nasikia unavyogombana na zipu ya begi, na mimi nimekaa hapa nakuandikia kana kwamba uko ng'ambo. Ucheke ukitaka. Tangu Alhamisi nimejaribu kuyasema haya kwa mdomo. Kila nikianza mama yako anaingia na sufuria, au wewe unaanza kunisimulia habari za Handeni uendako, au mimi mwenyewe nageuza maneno naishia kukuuliza kama umepima oili. Wiki hii umepima oili kuliko gari linavyohitaji, na yote ni kwa ajili ya woga wangu. Pole.

Mambo ya kula vizuri, kuswali kwa wakati, kutoazimisha vifaa vya kazi na kutokasirika Wazigua wakikutania kwamba Wasambaa mmeshuka milimani kufuata ugali, mama yako ameshayamaliza jioni hii. Yaliyobaki atayasema asubuhi ukiwa umeshashika usukani. Mimi siyagusi. Nataka kukueleza habari ya gari hili, na ya baba yako mdogo Mhina, na ya mteremko utakaoushuka kesho. Isome yote kabla hujawasha. Ninaogopa, mwanangu, na sikumbuki kama nimewahi kukuambia neno hilo.

Kigari hiki tulikinunua mimi na mdogo wangu Mhina mwaka ambao iliki ilitukubali, wewe hujazaliwa. Kilikuwa cha karani mmoja wa mashamba ya chai aliyekuwa anastaafu. Milango miwili, buti la kuingia mbuzi mmoja mwenye adabu, na injini ndogo kiasi kwamba mafundi wa Korogwe walikuwa wakifungua boneti wanauliza nyingine iko wapi. Kupanda nacho kuja huku Vugiri kilikuwa kinatutia aibu. Kikifika Kona ya Mwamba na mzigo, kinakohoa, kinasimama, na abiria wote wanajua wajibu wao. Akina mama walikuwa wanafungua mlango hata kabla hakijagoma, wanavua viatu, wanapanda kwa miguu huku wanaume wanasukuma.

Kushuka ndiko kulikokuwa kunaturudishia heshima. Miaka ile mafuta yalikuwa shida, na huku juu kila mwenye gari alikuwa na desturi moja: ukifika msikitini, barabara inapoanza kuinama, unazima injini, unatoa gia, unauachia mlima ukubebe. Tulikuwa tunasema mteremko ni petroli ya Mungu. Kwa kuwa gari linashuka kimya, unapiga honi kila kona ili watu na mbuzi wakupishe. Walikuwepo madereva waliojulikana mpaka Kwashemshi kwa kuweza kufika kwenye lami bila kuwasha. Mimi nilikuwa mmoja wao, na nikisema kweli, hata leo nafsi yangu bado inajisifia hilo.

Breki zilikuwa ngumu, za kukanyaga kwa paja zima. Lakini zilikuwa ngumu siku zote, injini ikiwa imewaka au imezimwa. Mguu ulizoea ugumu huo huo, na hakuna aliyeumia.

Sasa Mhina. Umekua ukiona picha yake sebuleni na ukisikia kwamba alikuwa mcheshi, ila hakuna aliyekueleza alivyokuwa na kiburi cha mavazi na cha gari. Alichumbia Mazinde. Siku ya kuwaleta wakweze waje kuona nyumbani, mvua ilikuwa imenyesha, na pale Kona ya Mwamba gari likagoma kama kawaida. Mama mkwe mtarajiwa akashuka na doti yake mpya ya kanga, akaanza kupanda kwenye tope jekundu. Alipofika juu, miguu imekuwa ya mwashi, alisema neno moja tu.

"Baba, gari lenu lina adabu. Linatushusha tusalimie majirani."

Watu walicheka mpaka wakashika matumbo. Mhina naye alicheka, lakini usiku ule hakula, na asubuhi akaniambia kwamba gari lile litabadilishwa moyo.

Injini aliipata bondeni, kutoka kwenye gari kubwa zaidi lililokuwa limepinduka. Nani alikuwemo ndani yake hatukuuliza, na baadaye watu walituuliza sana kwa nini hatukuuliza. Fundi wa Korogwe aliyeifunga alikuwa mtu makini. Alikata chuma cha mbele, akasogeza rejeta, akabadilisha gia boksi, akachomelea maunti mpya za kuishikilia injini. Akasema gari lenye nguvu linataka breki za nguvu, kwa hiyo akahamisha na lile bakuli jeusi la busta kutoka gari lile lile. Pedali ikawa laini hata mtoto angeweza kusimamisha gari. Sisi tulisema mashaallah.

Ungemwona baba yako mdogo siku zile! Kona ya Mwamba alikuwa anaipita akiimba. Akina mama walisahau kabisa kufungua mlango. Na alipokuwa anashuka hakuzima injini, alikuwa anaiacha ingurume mpaka chini ili kila mtu shambani ainue kichwa.

Hilo ndilo lililoniudhi. Unanijua nilivyo kwa mafuta, mama yako husema nikifa nitadai nipelekwe kaburini kwa mteremko. Siku moja ya soko nilimkemea mbele za watu.

"Mhina, unachoma mafuta mteremkoni? Wewe mtoto wa nani?"

"Kaka, liache lilie. Watu wasikie."

"Watasikia njaa yako. Mteremko ni petroli ya Mungu. Zima."

Alinitazama, akataka kujibu, akaona wazee wamekaa. Akasema, "Haya, kaka. Nimesikia."

Soko lililofuata alishuka peke yake na magunia ya karoti. Mimi nilikuwa nimesimama karibu na msikiti. Nilisikia injini inazimwa na nikafurahi. Kona ya kwanza alipiga honi fupi. Kona ya pili, fupi. Halafu honi ikaanza tena mahali pasipo na kona, na haikukatika. Ilipokatika, watu walikuwa wameshaanza kukimbia kuteremka, na mimi nilikuwa bado nimesimama nikijiambia kwamba anataniana na mtu njiani.

Tulimkuta Kona ya Mwamba. Sitakueleza zaidi ya hapo.

Waliofika wa kwanza waliona ufunguo umefungwa, injini haijawaka. Fundi wa Korogwe alipanda huku akilia, akalala chini ya gari kwenye tope, akakagua. Maji ya breki yalikuwemo. Mabomba mazima, breki zenyewe nzima, hakuna kilichokatika. Basi likabaki jibu moja, na lilipatikana haraka: ni injini yenyewe. Ilikuwa injini ya maiti na ilikuja kuchukua mwenzake. Wazee wakafanya tambiko pale kona, mbuzi akachinjwa, na sheikh akasoma dua kwa upande wake ili tusikose huku wala huku. Gari tukalinyoosha, injini ile tukaiuza chuma chakavu pamoja na busta yake. Ile ndogo ilikuwa imelala ghalani chini ya magunia, tukairudisha na breki zake ngumu. Gari likaendelea kukohoa kupanda na kunyamaza kushuka, miaka yote hii, bila mkwaruzo. Ukitaka ushahidi kwamba wazee walisema kweli, ushahidi ulikuwa unapita mbele ya nyumba kila siku ya soko. Mimi nilikuwa shahidi mkuu. Nimewasimulia wageni habari ya injini ya maiti mpaka nikaisimulia vizuri.

Ndipo nikakufundisha wewe kuendesha, ukiwa umekalia mto ili uone mbele. Klachi, gia, kioo, na msikitini: mkono wa kulia unafunga ufunguo, wa kushoto unatoa gia. Ulishika upesi kuliko nilivyoshika mimi. Siku uliyofika kwenye lami bila kuwasha nilikununulia soda na nikamsimulia kila mtu pale kituoni kwamba huyu ni wangu. Ulikuwa unaniangalia kwa pembe ya jicho kila ukizima, kuona kama nimefurahi. Nilikuwa nafurahi sana.

Uliporudi kutoka chuo cha ufundi ukasema huwezi kwenda kufungua karakana Handeni na gari linalosukumwa, utalitia injini kubwa, nilikuletea habari za Mhina, za mbuzi, za kona. Ulinisikiliza kwa heshima zote, halafu ukasema, "Baba, injini haina maiti. Ina pistoni." Nilikasirika mchana kutwa. Mama yako ndiye aliyeamua. Alisema, "Mwache. Ndiye fundi wa nyumba hii." Basi nikakaa kwenye kigoda nikakuangalia ukifunga mnyororo kwenye boriti, ukinyanyua, ukikata, ukichomelea, na ukweli ni kwamba sijawahi kuona kazi safi namna ile. Nilijivuna, ingawa sikukuambia. Ukafunga na breki mpya na busta yake. Kila alichokifanya yule fundi wa Mhina ulikifanya, na hata hukuwahi kumwona.

Sasa nafika Alhamisi.

Tulishuka wawili kwenda Korogwe kulijaribu. Ulikuwa unanieleza habari za mwenzako aliyekutangulia Handeni, kwamba kuna trekta nyingi na mafundi wachache, kwamba joto la huko mtazoeana. Tukapita msikitini. Ukiwa katikati ya sentensi mkono wako wa kulia ukafunga ufunguo na wa kushoto ukatoa gia, na wewe hukuacha kuongea. Unajua nilihisi nini? Nilifurahi. Nilijiambia, mtoto huyu amelelewa.

Kona ya kwanza ulikanyaga, gari likatii. Ya pili likatii kwa uvivu. Ya tatu mguu wako ulikwenda ukakwama, kama umekanyaga jiwe. Niliona unakanyaga kwa paja zima. Ulisema "Eh!", ukafungua ufunguo, ukatupia gia ya pili, ukaachia klachi, gari likaruka, injini ikashtuka ikaamka, na tukasimama tairi moja likiwa kwenye nyasi za ukingo wa chai. Wewe ukacheka.

"Mkono umenisaliti, Baba. Busta inavuta nguvu kutoka kwenye injini. Ukizima, inabaki na akiba ya kukanyaga mara mbili tatu, basi. Halafu unabaki na mguu wako tu."

Nikakuuliza, "Na asiyejua je?"

"Asiyejua atadhani breki zimekufa. Atakanyaga tu. Hata ufunguo hataukumbuka."

Nami nilicheka, ukaendelea na habari za trekta. Pale Korogwe nilikataa chakula, ukadhani ni tumbo, ukaninunulia maji ya tangawizi. Mwanaidi, ulikuwa umenieleza kifo cha mdogo wangu, na wewe ulidhani unanieleza habari ya bakuli jeusi.

Hakukuwa na maiti kwenye injini ile. Fundi hakukosea, wala Mhina hakukosea, maana akili yake mwenyewe ilikuwa imemwambia aiache ingurume. Alikufa kwa kunitii. Nimejaribu kulisema hilo kwa namna nyingine tangu Alhamisi na halisemeki. Nilichinja mbuzi wa watu kwa kosa la mdomo wangu, halafu nikachukua kosa lile lile nikaliweka kwenye mkono wa binti yangu na kulinunulia soda.

Sikuandikii ili unifariji. Usije ukaingia humu na machozi ukaniambia sikujua. Ni kweli sikujua, nayo haimsaidii Mhina. Nakuandikia kwa sababu ya lililotokea jana.

Jana ulipeleka mahindi mashineni, hapo chini tu. Mimi nilikuwa natoka kwa kinyozi, nikaliona gari linakuja kwenye kile kiteremko kifupi. Lilikuwa kimya. Ulinipungia mkono. Ulifika chini, ukasimama kwa breki moja, ukashusha gunia, na nina hakika ukiulizwa utaapa kwamba hukuzima. Siku chache tu baada ya kunieleza mimi kwa mdomo wako! Ndiyo maana silali. Kichwa chako sikiogopi, kichwa chako kinanipita mbali. Naogopa mkono, kwa sababu mkono nilikufundisha mimi, na nilikufundisha vizuri.

Na kesho gari litakuwa zito kuliko lilivyowahi kuwa. Nimeliona ulivyolipakia: jeki mbili, mitungi, mashine ya kuchomelea, na kile kiti cha kushoto umekifungia kompresa kwa kamba. Nilitaka kukuambia ukifungue nikae mimi. Nikafikiri tena. Nikiwa pembeni yako mkono ule unatafuta kunifurahisha, na utaufunga ufunguo upesi zaidi.

Nimewaza pia kuuficha ufunguo. Nimewaza kukuambia upande basi, gari tutalitafutia dereva. Najua ungetii, ungenuna mpaka Handeni lakini ungetii. Halafu Idd ungerudi kutusalimia, na siku ya kuondoka ungeshuka, na mimi nitaficha funguo ngapi? Milima imejaa nchi hii, na huko uendako watu watakuletea magari yao uyatie nguvu. Watakuja wakiwa na mikono yao waliyofundishwa na baba zao. Waulize wanashukaje. Usiwaache waondoke kabla hawajakujibu, hata wakikuona mshamba.

Mama yako hajui bado. Nitamwambia ukishaondoka, halafu nitakwenda kwa wale wazee waliobaki niwaambie kuhusu mbuzi. Watanisema sana, na nitakaa nisikilize.

Kwako nina ombi ambalo mzazi hamwombi mwanawe. Niasi. Nimekulea ukinisikiliza, umenisikiliza tangu hujafikia pedali, sasa inatosha. Kesho ukifika msikitini na mkono ukaanza kwenda kwenye ufunguo, ujue huo si mkono wako, ni wangu. Ukatae. Ukatae kwa sauti, hata kama uko peke yako na kompresa. Sema, "Sitaki, Baba." Kila kona sema hivyo, mpaka ulimi uzoee, mpaka mkono uone haya. Weka gia nzito, choma mafuta. Yachome yote, yakiisha piga simu nitashuka kwa miguu na dumu kichwani. Watu huogopa kuondoka bila radhi za baba. Wewe radhi zangu zimo humo, kwenye kunikatalia, na sina nyingine nje ya hizo.

Nitaipitisha barua hii chini ya mlango wako sasa hivi. Asubuhi nitakuaga kama kawaida, sitasema kitu mbele ya mama yako. Ukishatoka nitarudi uani, nyuma ya jiko, ambako hakuna kinachozuia sauti. Alfajiri pakiwa hapana upepo nitaisikia injini yako kona baada ya kona, mpaka uingie kwenye mkonge kule chini. Nitasimama hapo. Sitakunywa chai, sitaongea na mtu.

Usininyamazie, mwanangu.

Baba yako